Misimu 14 Nje ya Mtoano: Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Buffalo Sabres

Buffalo, New York
Aprili 2025

Kwa Bwana Terry Pegula, mmiliki wa klabu. Kwa Bwana Kevyn Adams, meneja mkuu. Na kwa wote wenye sauti katika ofisi za Buffalo Sabres.

Waheshimiwa,

Msimu umekwisha tukiwa na pointi 79, na kwa mwaka wa 14 mfululizo tumebaki kutazama mtoano wa wenzetu kwenye televisheni. Ligi ya NHL ilianza mwaka 1917. Tangu siku hiyo hakuna timu iliyowahi kukaa nje ya mtoano muda mrefu kama yetu. Makocha wamekuja wakaondoka, walinda lango wamekuja wakaondoka, na rekodi hiyo imebaki na klabu. Wenye klabu ni nyinyi.

Kwa msomaji asiyeifuata hoki ya barafuni, hesabu yake ni hii. Ligi ina timu 32, na 16 kati ya hizo huingia mtoano kila mwaka. Kwa hiyo hatujawaomba muwe mabingwa wa dunia. Tumewaomba muwe ndani ya nusu ya juu ya darasa, mara moja tu, na kwa miaka 14 hilo limeshindikana. Mara ya mwisho Sabres kucheza mtoano ilikuwa Aprili 2011, tulipotolewa na Philadelphia katika mechi ya saba. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa anajiandaa kuingia sekondari. Amevaa kofia ya nyati na panga mbili tangu akiwa chekechea, na hajawahi kuiona timu yake ikicheza mechi yenye uzito mwezi wa Mei.

Naandika kutoka West Side. Hapa wanaishi familia zilizotoka Kongo, Burundi na Somalia, na wengine wengi waliokuja kuanza upya katika mji huu wa theluji. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mashabiki wenu wa leo si wale tu waliorithi tiketi kutoka kwa babu zao. Watoto wetu wameijua hoki shuleni na mitaani, wameichagua wenyewe, na wamewachagua nyinyi. Kwetu Afrika Mashariki, Simba au Yanga ikivurunda wanachama wana mkutano mkuu, husimama na kuuliza, na uongozi hujibu. Na timu ikizidi kufungwa hushuka daraja. Hapa hakuna mwanachama wala daraja la kushuka. Klabu ni mali ya mtu mmoja, na ikishika mkia hupewa nafasi ya mbele ya kuchagua vijana bora. Njia tuliyobaki nayo ni kusema hadharani, ndiyo maana nimeandika barua hii.

Hoja zetu ni hizi.

1. Vipaji vilikuwepo, na mmeviacha viende kung'ara kwingine.

Ryan O'Reilly alikuwa wetu. Alijulikana kwa kubaki barafuni akijifua wenzake wakishavua viatu. Aprili 2018, baada ya msimu mwingine wa kuburuza mkia, alisema hadharani kwamba mapenzi yake kwa mchezo yalikuwa yamepungua. Ile ilikuwa kengele ya hatari kutoka kwa mfanyakazi wenu mwenye bidii kuliko wote. Mwezi Julai mkampeleka St. Louis. Miezi 11 baadaye alinyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, na kutangazwa mchezaji bora wa mtoano mzima.

Jack Eichel alikuwa nahodha wetu. Machi 2021 aliumia shingo. Yeye alitaka apandikizwe diski bandia, upande wa klabu ulitaka mifupa iunganishwe. Mvutano huo ukala miezi. Septemba akavuliwa unahodha, Novemba akapelekwa Vegas, na siku chache baadaye akafanyiwa upasuaji ule ule aliokuwa akiuomba. Juni 2023 alilibeba Kombe, akiwa ameongoza kwa pointi kuliko mchezaji yeyote katika mtoano.

Sam Reinhart mlimpeleka Florida Julai 2021. Katika msimu wa 2023-24 alifunga mabao 57, na Juni 2024, katika mechi ya saba ya fainali, bao lililotoa ubingwa lilikuwa lake. Katika kikosi kile kile cha Florida walikuwemo Brandon Montour, Evan Rodrigues na Kyle Okposo, wote waliowahi kuvaa jezi yetu. Okposo alikuwa nahodha wetu hadi Machi ya mwaka ule ule. Mlinda lango Linus Ullmark aliondoka mwaka 2021 mkataba wake ulipokwisha, akaenda Boston, na mwaka 2023 akatwaa tuzo ya Vezina ya mlinda lango bora wa ligi. Na mwezi huu Jeff Skinner, aliyetumia misimu sita kwetu, amecheza mechi yake ya kwanza ya mtoano baada ya zaidi ya mechi 1,000 za ligi. Hakuna mchezaji katika historia aliyesubiri muda mrefu hivyo. Ilibidi aende Edmonton.

Mmoja akiondoka na kung'ara tutasema ni bahati mbaya. Wanapofuatana hivi, tena katika nafasi tofauti na miaka tofauti, lawama haiwezi kuwa ya wachezaji.

2. Mlitufundisha kushangilia kufungwa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu. Msimu wa 2014-15 klabu ilijengwa ili ishike mkia. Hakuna aliyelificha sana jambo hilo. Katika zoezi la kuchagua chipukizi Connor McDavid alikuwa anakuja, Eichel alikuwa anakuja, na timu ya mwisho ilihakikishiwa mmoja wao. Walinda lango waliokuwa wakifanya vizuri waliuzwa, wafungaji nao wakauzwa, na mashabiki tukaambiwa tuwe na subira kwani maumivu ya leo ni neema ya kesho.

Machi 26, 2015, Arizona walikuja hapa. Wao nao walikuwa mkiani, wakigombea nasi nafasi ile ile ya kuwa wabaya kuliko wote. Mechi ikaenda muda wa nyongeza. Sam Gagner wa Arizona akafunga, na ukumbi wetu, watu waliovaa rangi zetu, ukalipuka kwa shangwe. Wachezaji wetu walikuwa bado barafuni. Waliusikia mji wao ukishangilia kufungwa kwao, na baadaye baadhi yao walisema wazi jinsi walivyoumia.

Siwalaumu wale mashabiki, kwani walikuwa wanafuata mpango waliouziwa na ofisi. Lakini fikirieni kijana wa miaka 20 anayejifunza kazi katika nyumba ambayo kushinda ni kuharibu mpango. Tabia ya kushindwa haivuliwi kama jezi msimu unapoisha. Bahati nasibu ya kupanga nani achague kwanza ilipochezwa Aprili ile, McDavid alikwenda Edmonton, sisi tukampata Eichel, na hadithi ya Eichel nimeshaisimulia. Mlilipa gharama yote ya kushindwa na hamkupata hata mtoano mmoja. Dawa ile imeshajaribiwa, na tunaomba isirudiwe kwa jina lolote jipya.

3. Ofisi haijatulia tangu 2011.

Tangu msimu ule wa mwisho wa mtoano, benchi limepitiwa na Lindy Ruff, Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger, Don Granato, na sasa Lindy Ruff tena. Kiti cha meneja mkuu kimekaliwa na Darcy Regier, Tim Murray, Jason Botterill na Kevyn Adams. Kila aliyekuja alikuja na falsafa yake, akawauza wachezaji waliochaguliwa kwa falsafa ya aliyemtangulia, kisha naye akafungashiwa virago kabla vijana wake hawajakomaa. Mti unaong'olewa na kupandwa upya kila baada ya miaka miwili hauwezi kulaumiwa kwa kukosa matunda.

Kuna tukio moja ambalo halijasahaulika. Mwishoni mwa Mei 2020 ilitangazwa kwamba Botterill anabaki. Wiki tatu baadaye alifutwa kazi, na pamoja naye likafagiliwa kundi kubwa la watu wa idara ya hoki, wakiwemo wasaka vipaji ambao kazi yao ni kuzunguka viwanja vya Kanada na Ulaya kutafuta vijana. Klabu ikaingia kwenye zoezi la kuchagua chipukizi la mwaka ule ikiwa na mikono michache kuliko washindani wake. Msimu uliofuata tulifungwa mechi 18 mfululizo, na Krueger akatimuliwa katikati ya balaa hilo.

4. Kisingizio cha minazi na kodi.

Bwana Adams, Desemba 6, 2024 uliwaambia waandishi wa habari kwamba ni vigumu kuwavuta wachezaji kuja Buffalo. Ukataja kwamba hapa hakuna minazi, na kwamba kodi ni kubwa. Siku iliyofuata mashabiki waliingia ukumbini na minazi ya plastiki ya kupuliza. Waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu wewe ni mtoto wa eneo hili na ulijua maneno hayo yataangukia wapi.

Hoja yenyewe haisimami. Winnipeg ni mji wenye baridi kali kuliko yetu, na wachezaji wengi huuandika kwenye orodha ya miji wasiyotaka kupelekwa. Msimu huu Winnipeg wameongoza ligi nzima kwa pointi 116. Mlinda lango wao Connor Hellebuyck alikuwa na nafasi ya kuondoka, akasaini kubaki. Edmonton nao hawana mnazi hata mmoja, na mwaka jana walicheza fainali. Hata hapa kwetu, Rasmus Dahlin alisaini miaka minane mwaka 2023, Tage Thompson alisaini miaka saba mwaka 2022, na Skinner, aliyekuwa na uhuru wa kuchagua, alisaini miaka minane mwaka 2019. Buffalo haiwafukuzi watu. Mchezaji humuuliza wakala wake jambo moja tu: je, huko wanashinda? Jibu la swali hilo linaandikwa na ofisi yenu, wala si na hali ya hewa ya Ziwa Erie.

5. Bwana Pegula, unajua jinsi ya kufanya vizuri, maana umefanya mara mbili.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Mmiliki mbahili au asiyejali ningemjua namna ya kumwandikia. Wewe si mmoja wao. Ulipoinunua klabu Februari 2011, kwa fedha ulizopata katika gesi asilia, machozi yalikutoka mbele ya Gilbert Perreault, shujaa wa utoto wa watu wengi wa hapa. Ulitangaza siku ile kwamba sababu ya Sabres kuwepo itakuwa kulitwaa Kombe la Stanley. Tulikuamini, na sehemu ya moyo wangu bado inaamini kwamba ulimaanisha.

Sasa tazama timu zako nyingine. Bills, timu ya kandanda ya Kimarekani ya hapa hapa Buffalo, uliwanunua mwaka 2014. Walikuwa na ukame wao mrefu, misimu 17 bila mtoano. Mwaka 2017 uliwaajiri kocha Sean McDermott na meneja mkuu Brandon Beane, watu waliokwiva katika kazi yao kwenye klabu nyingine, na ukawaacha wafanye kazi. Msimu ule ule ukame ulikatika. Mwaka uliofuata wakamchagua Josh Allen, wakamlea kwa subira alipokuwa bado anababaika, na ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi ya kandanda ya Kimarekani wa msimu wa 2024. Bills wametwaa ubingwa wa kundi lao misimu mitano mfululizo. Hadi naandika barua hii, Aprili 2025, McDermott na Beane bado wapo.

Halafu Penn State, chuo chako. Hawakuwa na hoki ya ngazi ya juu mpaka ulipotoa fedha za kujenga uwanja na kuanzisha programu. Kocha Guy Gadowsky aliajiriwa mwaka 2011, mwaka ule ule ulipoinunua Sabres. Hajaondolewa. Mwezi huu wa Aprili timu hiyo imefika kwa mara ya kwanza hatua ya timu nne za mwisho za ubingwa wa vyuo vya Marekani.

Mmiliki ni yule yule, fedha ni zile zile, na Bills na Sabres wamo ndani ya kaunti moja. Kwa nini huko kumestawi na hapa kumekauka? Huko uliwatafuta wenye uzoefu, ukawapa mamlaka kamili, ukawapa muda, ukarudi nyuma. Hapa umekuwa ukiwakabidhi kiti kikubwa watu wanaokikalia kwa mara ya kwanza. Murray, Botterill na Adams, hakuna aliyewahi kuwa meneja mkuu wa timu ya NHL kabla ya kuja kwetu. Bwana Adams ni mtu mwaminifu na alilitwaa Kombe akiwa mchezaji wa Carolina mwaka 2006, hakuna anayemdharau. Lakini mwaka 2020 alitolewa moja kwa moja kwenye upande wa biashara na utawala na kupewa klabu ya hoki aiendeshe. Kujifunza kazi ni haki ya kila mtu. Kujifunzia katika klabu iliyokuwa na miaka tisa ya njaa ni mzigo aliotwishwa yeye na tuliotwishwa sisi pia.

6. Mwelekeo ni wa kushuka, msituambie ni wa kupanda.

Msimu wa 2022-23 tulimaliza na pointi 91. Florida walimaliza na 92, wakaingia mtoano, wakafika fainali. Pointi moja. Mji mzima uliamini kwamba mwaka unaofuata ni wetu. Mwaka uliofuata tukapata 84, na mwaka huu 79. Vijana wanaongezeka umri na pointi zinapungua.

Desemba 3, 2024, Colorado walikuwa nyuma 4-0 baada ya kipindi cha kwanza katika ukumbi wetu wenyewe. Waliokuwepo au waliotazama wanakumbuka jinsi kelele zilivyokuwa zikipungua bao baada ya bao, watu wakiangalia saa badala ya kuangalia kisahani cha mchezo, wakijua kinachokuja kabla wachezaji hawajajua. Tulifungwa 5-4. Wakati huo tulikuwa ndani ya mfululizo wa kushindwa uliofika mechi 13. Timu yenye benchi lililozoea presha huua mechi ya 4-0. Timu yetu ilikuwa miongoni mwa zenye umri mdogo kuliko zote katika ligi, haikuwa na wakongwe wa kutosha waliowahi kupita kwenye moto huo, na nafasi ya mamilioni ya dola chini ya kikomo cha mishahara ilikuwa imekaa bure.

7. Ukimya.

Bwana Pegula, Desemba uliruka hadi Montreal kuzungumza na wachezaji. Ni jambo jema. Kwetu hujazungumza. Najua familia yako imepitia mtihani mkubwa tangu mkeo, mama Kim, alipougua ghafla Juni 2022, na mji huu uliomba dua kwa ajili yake, misikitini na makanisani, nasi wa West Side tukiwemo. Hatutaki kuingilia faragha ya nyumba yako. Tunachouliza ni habari za klabu, ambayo thamani yake imepanda kutoka dola milioni 189 ulizotoa hadi zaidi ya bilioni 1, huku wanaojaza viti wakilipa kila mwaka kuona kushindwa.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa naweka maombi yetu, na nimeyachagua yale tu yaliyo ndani ya uwezo wenu kabla ya theluji kurudi.

La kwanza, na kubwa kuliko yote: ajirini rais wa shughuli za hoki kutoka nje ya klabu, mtu ambaye ameshajenga timu ya ushindi mahali pengine. Kiti hicho Pat LaFontaine alikikalia kwa miezi michache tu, kuanzia Novemba 2013 hadi Machi 2014. Mpeni huyo mtu mamlaka juu ya meneja mkuu, kocha, wasaka vipaji na madaktari. Yeye ndiye aamue kama Bwana Adams na Bwana Ruff wanabaki. Uamuzi huo usifanywe kwa huruma wala kwa hasira za mmiliki. Kisha mpeni miaka aliyopewa Beane.

La pili: tumieni fedha. Kikomo cha mishahara kinapanda msimu ujao hadi dola milioni 95.5. Klabu yenye historia yetu haina haki ya kuacha nafasi hiyo wazi. Leteni wakongwe wawili watatu waliocheza Mei na Juni, wakae chumba kimoja na Dahlin, Thompson, Owen Power na wengine, ili kijana anapoona 4-0 inaanza kuyeyuka awe na mtu wa kumtazama.

La tatu: Bwana Pegula akae mbele ya mashabiki mara moja kwa mwaka, ajibu maswali ana kwa ana. Ukumbi upo, mnauendesha nyinyi, una viti zaidi ya 19,000. Hata tukizomea tutakuwa tumekuja.

La nne: bei za tiketi za msimu zisipande hata senti mpaka timu icheze mtoano. Na zile sehemu za juu ambazo usiku wa Jumanne hubaki na viti vitupu, wapeni watoto wa shule za mji. Harborcenter, viwanja vya barafu mlivyojenga jirani na ukumbi, ni kazi nzuri mliyoifanya mwaka 2014. Wekeni saa kwa watoto ambao wazazi wao hawawezi kumudu bei ya viatu vya barafu na magongo. Kwenye Grant Street kuna watoto wanaocheza hoki kwa mpira wa tenisi kwenye lami. Hao ndio wanunuzi wenu wa tiketi mwaka 2040, kama mtakuwa bado mnao.

La tano, na hili ni la ndani: mchezaji akisema anaumia au amechoka, aaminiwe mapema. O'Reilly na Eichel walisema. Mwezi uliopita mmemwachia Dylan Cozens aende Ottawa, na Ottawa wameingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017. Huenda Josh Norris mliyempata ataonyesha kwamba mlikuwa sahihi, na nitafurahi akifanya hivyo. Lakini kila anayeondoka aulizwe kwa nini, na majibu yake yasomwe na mtu mwenye uwezo wa kubadili mambo.

Kinachoweza kupotea mnakijua. Dahlin ametimiza miaka 25 mwezi huu. Amekuwa hapa misimu saba, ni nahodha, ni miongoni mwa mabeki bora duniani, na hajacheza hata dakika moja ya mtoano. Atavumilia mpaka lini? Rick Jeanneret alitangaza mechi zetu kwa misimu 51, sauti yake ikajaa kwenye redio za malori na jikoni za mji huu, na katika misimu 11 ya mwisho ya kazi yake hakupewa mechi hata moja ya mtoano kuitangaza. Alistaafu mwaka 2022, akafariki Agosti 2023. Wazee waliomwona Perreault akicheza fainali ya 1975 wanaondoka mmoja mmoja. Mwaka 1999 tulipoteza fainali ya pili katika mechi ya sita, muda wa nyongeza wa tatu, kwa bao la Brett Hull aliyekuwa na mguu ndani ya eneo la mlinda lango, na mpaka leo mtu mzima wa Buffalo analizungumza kwa uchungu. Ule ulikuwa uchungu wa watu waliofika fainali. Vijana wetu hawana hata huo.

Buffalo imepita mengi tangu 2011. Mei 14, 2022 watu 10 waliuawa dukani Jefferson Avenue kwa sababu ya rangi yao, na wachezaji wenu walikuja, wakasimama nasi. Desemba ya mwaka ule ule dhoruba ya theluji ikaua majirani zetu ndani ya magari na nyumba zao. Wakati wote huo watu walirudi ukumbini. Msidhani watarudi milele. Hapa West Side naona tayari watoto wanaovaa jezi za Toronto na Florida, na wazazi wao hawana la kuwajibu.

Julai 1 soko la wachezaji huru linafunguliwa. Siku hiyo hiyo mwaka 2007 tuliwapoteza Daniel Brière na Chris Drury kwa saa chache, baada ya msimu ambao tulikuwa tumeongoza ligi nzima. Tunaomba kabla ya tarehe hiyo mtuambie hadharani nani ataongoza shughuli za hoki, ana mamlaka gani, na Bwana Pegula atakaa nasi siku gani. Tutakuja hiyo siku, mkiitaja.

Wenu katika kuitakia klabu mema,

Shabiki wa Sabres, West Side, Buffalo